JE, MASHINE YATOSHA KULINDA MASHINE?

Yako maneno ambayo siku hizi yasemwa sana, hapa shuleni kwetu Chapwa na hata kule mjini Tunduma kwenye vibanda vya chai, ya kuwa kazi za ofisini zimekwisha. Husemwa ya kuwa imekuja mashine yenye akili, nayo yaandika barua, yapiga hesabu, yajibu maswali, na sasa yalinda hata mitambo mingine isiibiwe. Basi ya nini kijana kujisumbua kujifunza kompyuta? Maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi wenzangu, na nimeyasikia kwa watu wazima wenye kazi zao. Mimi naona si ya kweli, na tena naona ni ya hatari kwa vijana wa mahali kama hapa. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini naona hivyo.

Kwanza yafaa tulielewe jambo lenyewe. Mashine hiyo huitwa akili mnemba. Ziko aina nyingi, lakini ile iliyoleta mazungumzo haya yote ni ile yenye kutunga, yaani ile iwezayo kuandika maneno mapya, kuchora picha na kutoa sauti ikiambiwa. Kampuni ya OpenAI ya Marekani iliwafungulia watu wote programu yake iitwayo ChatGPT tarehe 30 Novemba 2022, na tangu hapo makampuni makubwa ya dunia yamekuwa yakishindana kutengeneza za kwao. Mashine hiyo haifikiri kama mtu afikirivyo. Imesomeshwa maandishi mengi mno, ikajifunza ni neno gani aghalabu hufuata neno gani; ukiiuliza, hukutungia jibu kwa kufuata mazoea hayo. Ndiyo maana mara nyingi husema sawasawa, na mara nyingine husema uongo kwa sauti ile ile ya mtu anayejua.

Sisi tunaokaa Chapwa tusidhani ya kuwa mambo hayo ni ya Ulaya na ya Dar es Salaam tu. Mji wetu wa Tunduma ni mlango wa nchi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapa, na reli ya TAZARA kadhalika; shehena za Zambia na za Kongo zapita mbele ya macho yetu kila siku. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walifungua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, upande wa Tunduma na upande wa Nakonde, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kazi ya forodha, ambayo wazee wetu waliijua kwa karatasi na mihuri, sasa hufanywa kwa mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Mapato uitwao TANCIS. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu, na fedha hutumwa kwa simu. Basi mtandao ukisimama, malori husimama. Na malori yakisimama, mama lishe, mwenye nyumba ya wageni, mbadilisha fedha na mbeba mizigo wote hupata hasara. Hapana mtu hapa kwetu asiyehusika.

Tena yako mambo yaliyokwisha kutokea kwa jirani zetu. Mwezi wa Julai 2023 mtandao wa serikali ya Kenya uitwao eCitizen, ambao wakati huo wananchi waliutumia kupata huduma zaidi ya 5,000, ulishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Hawakuvunja mlango, walituma maombi mengi ya uongo kwa wakati mmoja, mpaka mtandao ukashindwa kuwajibu watu wa kweli. Ni kama vile watu 10,000 wasio na safari wangejipanga kwenye dirisha la tiketi ili msafiri asifike mbele. Malipo ya simu yalisumbuka, na wasafiri wa treni ya Nairobi na Mombasa wakashindwa kukata tiketi kwa njia ya kawaida. Mwezi wa Oktoba 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kuwashitaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliongoza kundi hilo. Nasi hapa Tanzania tuliona mwezi wa Mei 2025 jinsi akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilivyoingiliwa, ikatoa habari za uongo. Shirika la polisi wa kimataifa, INTERPOL, lilieleza mwaka 2025 ya kuwa katika Afrika ya Magharibi na Afrika ya Mashariki makosa ya mtandao ni zaidi ya asilimia 30 ya makosa yote yanayoripotiwa.

Sasa na tuwatazame walinzi. Watu wengi wakisikia mlinzi wa mtandao humfikiri mtu wa ajabu aliyejifungia chumbani. Hasha! Kazi yake ni kazi ya uangalifu. Kila mtambo huandika daftari lake: nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, amefungua nini. Mlinzi husoma daftari hilo, akaona lisilo la kawaida, akaulizia. Huziba matundu ya programu kabla mwizi hajayaona. Huwafundisha watumishi wasitoe maneno yao ya siri. Na siku mwizi aingiapo, ndiye aitwaye usiku wa manane kuzima moto.

Walinzi hao ni wachache mno duniani. Chama cha kimataifa cha watu wa kazi hiyo, kiitwacho ISC2, kilikadiria mwaka 2023 ya kuwa pengo lilikuwa la watu milioni 4. Mwaka 2024 kikakadiria ya kuwa walio kazini ni milioni 5.5 na wanaokosekana ni milioni 4.8. Fanyeni hesabu wenyewe, maana ni hesabu ya kidato cha kwanza: katika kila viti 100 vya walinzi, viti 47 hivi havina mtu. Na katika mwaka huo wa 2024 lilitokea jambo la kushangaza. Wale walioulizwa sababu ya upungufu hawakutaja kwanza kukosekana kwa watu wenye ujuzi, kama walivyozoea kusema. Walitaja kwanza kukosekana kwa fedha za kuwaajiri. Asilimia 37 walisema bajeti zao zimepunguzwa, na asilimia 25 walisema katika idara zao watu wameachishwa kazi. Yaani nyumba yalia haina mlinzi, na papo hapo yampa mlinzi barua ya kwaheri.

Ni katika hali hiyo wenye makampuni walipoiona akili mnemba wakaifurahia kama mgonjwa aliyeletewa dawa. Nami sitaki kuwa mtu wa kukataa kila kipya. Kweli dawa hiyo ina nguvu. Daftari la mtambo mmoja mkubwa laweza kupata mistari milioni nyingi kwa siku, wala hapana jicho la mtu liwezalo kuisoma yote. Mashine huisoma bila kusinzia, huweka pamoja kengele 100 zinazolia kwa sababu moja, na huandika taarifa ya tukio kwa dakika chache. Pale ambapo walinzi ni watatu na kazi ni ya watu kumi, msaada huo si wa kudharau. Nisemalo mimi ni kwamba kusaidia ni jambo moja, na kuchukua mahali pa mtu ni jambo jingine. Wenye kusema mashine yatosha wamesahau mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kuwa mwizi naye anayo mashine hiyo hiyo. Zamani mwizi wa maandishi alijulikana kwa makosa yake. Mwezi wa Februari 2016 wezi walituma amri za uongo za kuhamisha karibu dola bilioni 1 za Benki Kuu ya Bangladesh zilizowekwa New York. Dola milioni 81 zilikwenda Ufilipino. Lakini dola milioni 20 zilizokuwa zikienda Sri Lanka zilizuiwa kwa sababu wezi waliandika neno la Kiingereza «foundation» kwa makosa, wakaandika «fandation». Benki iliyopitishiwa fedha hizo ikashuku, ikauliza. Herufi zilizokosewa ziliokoa dola milioni 20! Hapa kwetu nani asiyejua ule ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii»? Tuliwacheka matapeli hao kwa Kiswahili chao kibovu. Sasa mtu asiyejua Kiswahili kabisa, akiwa nchi yo yote, aweza kuiagiza mashine imwandikie barua ya Kiswahili safi, yenye heshima zote za ofisi.

Mama yangu mdogo ni wakala wa fedha za simu mjini Tunduma. Mwaka jana aliletewa ujumbe mrefu uliodai kutoka kwa kampuni anayoifanyia kazi, ukimtaka athibitishe namba yake ya siri ya uwakala kabla ya jioni ili asifungiwe. Nilisoma ujumbe ule mwenyewe. Haukuwa na kosa hata la nukta. Kilichomwokoa si macho ya kutafuta makosa. Kilichomwokoa ni kuwa alifunga dirisha la kibanda chake, akaenda kwa miguu kwa msimamizi wa mawakala anayemjua kwa sura, akamwuliza. Msimamizi akamwambia hapana ujumbe wa namna hiyo uliotumwa.

Wala si maandishi tu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mtumishi wa kampuni ya wahandisi ya Arup huko Hong Kong aliitwa katika mkutano wa video. Aliwaona wakubwa wake kwa macho, akawasikia kwa masikio, wakimwagiza ahamishe fedha. Akahamisha mara 15, jumla dola za Marekani milioni 25 hivi. Baadaye ikajulikana ya kuwa wale wakubwa walikuwa picha na sauti za kughushi, zilizotungwa na mashine. Ikiwa mtumishi wa kampuni kubwa ya dunia alidanganywa hivyo, je, bibi yangu kijijini, asikiapo sauti ya mjukuu wake ikiomba nauli kwenye simu, atajuaje? Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa mbele kwa majaribio ya utapeli wa simu. Na Rukwa ni jirani yetu wa mlango kwa mlango.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni hili: mlinzi mkubwa hutokana na mlinzi mdogo. Nitatoa mfano wa mambo tuyaonayo barabarani kila siku. Dereva wa lori liendalo Lubumbashi hakuzaliwa dereva. Alianza akiwa utingo. Alifunga turubai, akaosha vioo, akapiga jeki, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu lori liliposimama mlimani, akalala juu ya mzigo ili usiibiwe. Miaka ikapita akiusikiliza mlio wa injini, mpaka akajua mlio wa uzima na mlio wa ugonjwa. Siku moja akaachiwa usukani uwanjani, siku nyingine barabarani. Leo ni dereva, naye ana utingo wake. Tuseme ikapatikana mashine ya kufanya kazi zote za utingo. Mwenye lori atafurahi mwaka wa kwanza na wa pili, maana mshahara mmoja umepungua. Lakini dereva atakapozeeka, ni nani atakayekamata usukani?

Hivyo ndivyo ilivyo katika ulinzi wa mtandao. Kijana aliyetoka chuoni huanza kwa kazi ndogo ya kuchosha: kusoma kengele mchana kutwa, ambazo nyingi ni za uongo, na kuchambua ipi ya kweli. Kazi hiyo huonekana ya kipuuzi, lakini ndiyo shule yake. Ndiyo masikio yake ya kusikilizia injini. Sasa kazi hiyo ndogo ndiyo ya kwanza kupewa mashine. Tangazo la kazi hutaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano, na ile kazi ambayo kijana angeifanya ili apate uzoefu imekwisha kuondolewa. Baada ya miaka 10 wenye makampuni watalia tena ya kuwa hapana wataalamu, nao ndio walioziba chemchemi. Mashine itakuwapo, lakini hatakuwapo mtu wa kuiambia, «Hapa umekosea.»

Jambo la tatu ni kuwa mashine haibebi dhamana wala haijui siri za watu. Mwaka 2023 watumishi wa kampuni ya Samsung ya Korea ya Kusini waliingiza maandishi ya siri ya kazi yao katika ChatGPT ili iwasaidie, na mwezi wa Mei mwaka huo kampuni ikawakataza kutumia mashine za namna hiyo. Hapakuwa na mwizi. Siri ilitolewa nje na wenyewe, kwa nia njema ya kumaliza kazi mapema. Hebu fikirini ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, ambapo karani ana ankara za wateja, namba zao za mlipa kodi, pasipoti za madereva. Akizimimina zote katika mashine ya nchi za nje ili aandikiwe barua nzuri, nani atajua zimekwenda wapi? Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Aprili 2024. Sheria hiyo humwuliza mwenye ofisi, haiiulizi mashine. Lakini katika ofisi isiyo na mtu wa kazi hiyo, ni nani atakayemkumbusha karani?

Hata mambo ya Uganda yatufundisha. Mwezi wa Novemba 2024 habari zilienea ya kuwa wezi wa mtandao wameingia katika Benki Kuu ya Uganda, na serikali ikakiri bungeni ya kuwa fedha zimechukuliwa. Lakini uchunguzi ulipoendelea, walioshitakiwa mahakamani mwanzoni mwa mwaka 2025 walikuwa watumishi wa Wizara ya Fedha. Kesi ni ya mahakama, wala si kazi yangu kuhukumu. Nataka kuonyesha tu ya kuwa swali la kwanza la ulinzi, yaani nani ana ufunguo na kwa nini, ni swali la watu juu ya watu. Lataka mtu mwenye ujasiri wa kumwuliza mkubwa wake.

Tena tusidanganyike kuwa mashine hizo zimejifundisha zenyewe. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika juu ya wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, waliosoma maandishi machafu na ya kutisha ili yatambuliwe na ChatGPT isiyarudie. Gazeti hilo lilisema mshahara wao ulikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Basi nyuma ya mashine isiyohitaji watu walikuwapo vijana wa Afrika ya Mashariki, wakifanya kazi ngumu kwa malipo madogo. Sitaki sisi wa Songwe tufike katika mambo haya kwa mlango huo wa nyuma peke yake. Nataka tufike kwa mlango wa mbele, tukiwa watu wenye ujuzi na wenye sauti.

Najua yuko msomaji atakayesema: «Maneno mazuri, lakini fedha hakuna. Ofisi ya watu wanne hapa mpakani yawezaje kumwajiri mlinzi wa mtandao?» Ni kweli, haiwezi peke yake. Lakini wakulima wa kahawa wa Mbozi hawakungoja kila mmoja wao awe tajiri. Walijiunga katika vyama vya ushirika, wakawa na ghala moja na karani mmoja. Ofisi 10 au 20 za mawakala wa forodha zaweza kuungana vivyo hivyo zikamlipa kijana mmoja aliyehitimu, akazizungukia, akatazama kompyuta zao, akawafundisha makarani, akawa mtu wa kuitwa siku ya shida. Gharama yake ikigawanywa ni ndogo kuliko hasara ya siku moja ya kuibiwa.

Tena hatuanzi mikono mitupu. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa sheria ya mwaka 2019. Katika orodha ya usalama wa mtandao iliyotolewa na Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, mwaka 2024, Tanzania iliwekwa katika daraja la kwanza pamoja na jirani zetu Kenya na Rwanda. Chuo Kikuu cha Dodoma hufundisha shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa makosa ya kompyuta. Na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko Mbeya, safari ya saa chache tu kutoka hapa. Ni fahari kwetu. Lakini sheria haikai zamu usiku. Yataka mtu.

Basi maoni yangu ni haya. Wenye makampuni na wakuu wa ofisi, kwa kila mashine ya ulinzi watakayoinunua, wachukue na kijana mmoja wa kujifunza. Wasiipe mashine daftari lote; wamwachie kijana sehemu alisome kwa macho yake, kisha alinganishe aliyoyaona na yaliyoonwa na mashine. Hivyo mashine itakuwa mwalimu msaidizi badala ya kuwa mwizi wa kazi. Waweke kanuni ya kuwa hapana fedha itakayohamishwa kwa sauti au kwa picha tu, bila ya kupiga simu kwa namba iliyojulikana tangu zamani. Na waandike kwa maneno machache, wayabandike ukutani, ni karatasi zipi za wateja zisizoruhusiwa kuingizwa katika akili mnemba.

Na sisi wanafunzi tusikae tukingoja. Napendekeza tuanzishe hapa shuleni chama cha usalama wa mtandao, hata kama kompyuta ni chache, maana mengi ya kazi hii hayahitaji kompyuta nyingi. Twaweza kukusanya ujumbe za utapeli zinazoletwa nyumbani kwetu, tukazichambua darasani: huyu ametumia hofu, huyu ametumia tamaa, huyu ametumia haraka. Twaweza kuwafundisha wazazi wetu kuripoti namba za matapeli kwa 15040, na kutazama kwa *106# ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Twaweza kukubaliana kila nyumba neno moja la siri la ukoo, ili bibi akisikia sauti ya mjukuu ikiomba fedha amwulize neno hilo kwanza. Mambo hayo ni madogo, lakini ndiyo kazi ya utingo. Na utingo wa leo ndiye dereva wa kesho.

Kwa wale wasemao kusoma hakuna maana tena, nawajibu hivi. Mashine yenye kusema uongo kwa sauti ya mjuzi yataka mtu anayejua hesabu, ili aone hesabu isiyokubali. Yataka mtu anayejua Kiingereza, maana vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa lugha hiyo. Na yataka mtu anayejua Kiswahili barabara, kwa kuwa tapeli wa kesho atasema Kiswahili kizuri kuliko cha wengi wetu. Kwa hiyo masomo hayajapungua thamani hata kidogo. Mwaka 2024 viti 47 hivi katika kila 100 vilikadiriwa kuwa wazi, na hapana sababu ya vijana wa Chapwa kuvitazama kwa mbali.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye fikira nyingine na aandike katika gazeti la muhula ujao, nasi tutamsoma kwa heshima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne